Tafsiri Isiyosimamiwa: Uhakiki wa Nafasi ya Kiswahili katika Tasnifu za Uzamili za Saikolojia, Eldoret

1. Utangulizi

Shabaha ya makala haya ni kuhakiki sehemu moja ya tasnifu ya uzamili ya saikolojia, nayo ni ile inayohusu kufasiriwa kwa hojaji na kuandikwa kwa majibu ya wahojiwa. Huenda msomaji akauliza kwa nini mwalimu wa Kiswahili aingie shamba lisilo lake. Jibu ni kwamba shamba hilo linalimwa kwa jembe letu. Mwanafunzi wa saikolojia anayefanya utafiti wake Eldoret huandika pendekezo lake kwa Kiingereza, husimamiwa kwa Kiingereza, na hatimaye huitetea tasnifu yake kwa Kiingereza. Lakini katikati ya safari hiyo hana budi kuwaendea watu, na watu hao aghalabu humjibu kwa Kiswahili. Tarakimu nyingi zilizomo katika sura yake ya matokeo zilianza kuwa maneno ya Kiswahili yaliyotamkwa na mgonjwa katika foleni ya kliniki, au na mzazi, au na mfanyabiashara wa sokoni. Ikiwa swali liliulizwa vibaya, hakuna hesabu itakayolitengeneza jibu.

Dai letu ni hili. Tasnifu ya uzamili ni kazi inayosimamiwa: mada ina msimamizi, nadharia ina msimamizi, sampuli na hesabu pia zina wasimamizi. Tafsiri ndiyo hatua ambayo mwanafunzi huachiwa aipite peke yake gizani. Kwa sababu hiyo tasnifu huweza kutiwa sahihi na kuhesabiwa kuwa imekamilika, ilhali sehemu kubwa ya ushahidi wake haijasomwa na mtahini hata mmoja. Tutajaribu kuonyesha jinsi jambo hili linavyotokea, madhara yake, na njia za kulirekebisha.

2. Mazingira ya utafiti

Kabla ya kuingia katika uhakiki wenyewe yafaa tueleze kwa ufupi mazingira ya utafiti huu. Chuo Kikuu cha Moi kiliundwa mwaka 1984, kufuatia taarifa ya mwaka 1981 ya tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay. Taarifa hiyo hiyo ndiyo iliyoleta mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, na ambao chini yake Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba chuo hiki na Kiswahili cha lazima shuleni ni watoto wa taarifa moja. Ni ajabu basi kwamba watoto hao wawili wakikutana katika tasnifu ya saikolojia hutazamana kama wageni.

Saikolojia hufundishwa na kutafitiwa hapa kwa njia mbili kuu. Kuna upande wa elimu, unaoshughulika na wanafunzi, walimu na ushauri shuleni. Tena kuna upande wa tiba, unaohusiana na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na na mpango wa AMPATH, ushirikiano ulioanzishwa mwaka 2001 baina ya chuo, hospitali hiyo na vyuo vya Amerika ya Kaskazini vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana, kwanza kwa ajili ya kuwatibu watu wenye virusi vya UKIMWI. Isitoshe, historia ya karibuni ya eneo hili imeyafanya maswali ya saikolojia kuwa maswali ya maisha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Uasin Gishu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia mno. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Tangu hapo huzuni, hofu na kiwewe havikuwa tena mambo ya vitabuni kwa watu wa hapa.

Kuhusu lugha, Eldoret ni mahali pa makutano. Mji huu, uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, ulianzia katika shamba la walowezi lililojulikana kwa nambari 64, na hadi leo wako wazee wanaouita Sisibo. Wanandi, Wakeiyo, Waluhya, Wakikuyu, Waluo na wengine hukutana sokoni, katika matatu na hospitalini kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili hicho si kile cha Lamu, wala si kile cha kamusi zilizotungwa Dar es Salaam. Ni Kiswahili cha bara, chenye msamiati wake wa maradhi na wa majonzi, na kwa wengi ni lugha ya pili au ya tatu.

Lugha hii huingia katika tasnifu kwa mlango wa maadili. Kamati ya maadili ya utafiti ya hospitali na chuo haitoi kibali mpaka ithibitike kwamba mshiriki ataelezwa mambo kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo fomu ya ridhaa hufasiriwa, na hojaji huifuata. Huo ni utaratibu mzuri. Lakini kamati hutazama kama mshiriki atadhurika. Haina kazi ya kupima kama swali la Kiswahili linauliza lile lililoulizwa na swali la Kiingereza. Kazi hiyo ni ya msimamizi na mtahini, nao mara nyingi hudhani kwamba imekwisha kufanywa na kamati.

3. Sentensi moja ya Sura ya Tatu

Msomaji aliyepata kuzipitia tasnifu za aina hii anaijua sentensi inayokaa katika Sura ya Tatu, karibu na maelezo ya vifaa vya utafiti. Husema kwamba hojaji ilifasiriwa katika Kiswahili, kisha ikafasiriwa tena kurudi katika Kiingereza ili kuhakikisha usahihi wake. Baada ya hapo mwandishi huendelea na sampuli. Sentensi hiyo yastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo sentensi ya riwaya.

Kwanza, ni sentensi ya kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Hojaji ilifasiriwa, ilifasiriwa na nani? Je, ni mwanafunzi mwenyewe usiku mmoja kabla ya kwenda uwandani? Ni rafiki yake mwalimu wa shule? Ni mtu mwenye ujuzi wa lugha ya wahojiwa wa Uasin Gishu, au mtu aliyezaliwa Mombasa na asiyejua jinsi mgonjwa wa Turbo anavyoieleza huzuni yake? Tasnifu humtaja aliyetunga kipimo, humtaja aliyetunga kanuni ya hesabu, na huweza hata kutaja programu ya kompyuta iliyotumika. Mfasiri hana jina.

Pili, sentensi hiyo hutegemea utaratibu wa tafsiri ya kurudi, yaani kumpa mtu wa pili tafsiri ya Kiswahili ili airudishe katika Kiingereza, kisha kulinganisha Kiingereza cha kwanza na cha mwisho. Anayetajwa kuwa mwasisi wa utaratibu huu ni Richard Brislin, aliyechapisha mwaka 1970 utafiti uliofanywa na watu 94 wenye kujua lugha mbili katika Chuo Kikuu cha Guam, wakiwakilisha lugha kumi. Ni jambo la kusikitisha kwamba hutajwa zaidi ya anavyosomwa, kwa maana yeye mwenyewe alionya kuwa kufanana kwa Kiingereza cha kwanza na cha mwisho kwaweza kuwa kufanana kwa uongo. Alitoa sababu tatu. Wafasiri wawili waweza kuwa na mazoea mamoja ya kulinganisha maneno yasiyolingana. Mfasiri wa pili, akiwa mwerevu, aweza kupata maana nzuri katika tafsiri mbovu. Na tafsiri yaweza kubeba umbo la sarufi ya lugha chanzi, hata ikawa rahisi kurudishwa lakini ngumu kueleweka na msemaji wa kawaida. Sababu hizi tatu zote twaziona katika mifano ifuatayo.

4. Mifano

4.1 Nusu ya siku

Kipimo cha huzuni kubwa kitumikacho sana leo ni kile kiitwacho PHQ-9, kilichotungwa na Kroenke, Spitzer na Williams. Kina maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita, na kila swali lina majibu manne: la hasha, siku chache, zaidi ya nusu ya muda huo, na karibu kila siku. Majibu hayo hupewa alama 0, 1, 2 na 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Aghalabu mtu aliyefikisha 10 huhesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa zaidi.

Tafsiri ya jibu la tatu inayomjia mtu kwa haraka ni "zaidi ya nusu ya siku". Kwa mfasiri aliyeyaona maneno ya Kiingereza, maana yake ni siku nane au zaidi katika kumi na nne. Kwa msikilizaji ambaye hakuyaona, maana iliyo wazi zaidi ni saa kadhaa za siku moja. Sababu ni ya kisarufi. Nomino "siku" ni ya ngeli ya tisa na ya kumi, haibadiliki umbo katika umoja na wingi, na kihusishi "ya" kinapatana na "nusu" wala si na "siku". Kwa hiyo hakuna mahali popote katika kirai hicho panapoonyesha wingi. Mhojiwa atakayesikia hivyo ataona kwamba jibu la tatu ni dogo kuliko la pili, na ngazi ya majibu itakuwa imepinduliwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amesumbuliwa na dalili zote tisa kwa siku kumi katika kumi na nne. Alama zake za haki ni 18. Lakini kwa kuwa taabu yake ilidumu kwa siku nzima nzima, anaikataa "nusu ya siku" na kuchagua "siku chache" katika maswali yote. Anapata 9, na anarudi nyumbani. Kosa hilo lingaliondoka kwa neno moja tu la kuonyesha wingi, "zaidi ya nusu ya siku hizo", au kwa tarakimu, "siku nane au zaidi". Tafsiri ya kurudi haiwezi kuligundua, kwa sababu mfasiri wa pili, aliyezoea hojaji, atakirudisha kirai hicho katika Kiingereza sahihi bila kusita. Hii ndiyo sababu ya pili ya Brislin.

4.2 Kujisikia vibaya

Swali la sita la kipimo hicho huuliza kama mhojiwa amejihesabu kuwa mtu aliyeshindwa, aliyejiangusha mwenyewe au aliyeiangusha jamaa yake. Mwanzo wa swali hilo ukifasiriwa neno kwa neno huzaa "kujisikia vibaya". Hospitalini, maneno hayo yana maana moja tu: kuugua. Mgonjwa aliyekuja kwa ajili ya homa atakubali mara moja, na alama yake ya homa itaandikwa katika safu ya kujilaumu. Hata mtafiti akiongeza maneno "kuhusu wewe mwenyewe", ataonyesha mfumo wa Kiingereza uliovaa kanzu ya Kiswahili. Kiswahili kina njia zake za kusema jambo hili: kujilaumu, kujiona umeshindwa na maisha, kujiona huna maana mbele ya watu wako. Mfasiri anayejua lugha hufika huko. Mfasiri anayejua maneno hubaki njiani.

Hapa yafaa tuguse suala la istilahi. Wako wanaotumia "sonona", neno linalotumika zaidi Tanzania, wengine "unyogovu", wengine "mfadhaiko", na wengine "huzuni" tu. Katika makala ya kitaalamu, "sonona" ni istilahi nzuri, na twapenda ienee. Lakini hojaji si mahali pa kueneza istilahi. Mkulima wa Moiben ambaye hajapata kulisikia neno hilo hatauliza maana yake mbele ya mtu mwenye karatasi na kalamu. Atajibu apendavyo kwa ajili ya heshima. Ndipo mtafiti msaidizi, kwa nia njema, humweleza kwa Kinandi. Na hapo swali linakuwa limefasiriwa mara ya pili, papo hapo, bila kuandikwa popote.

4.3 Kujithamini na kujiona

Katika tasnifu za saikolojia ya elimu kipimo kinachopendwa ni kile cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965, chenye kauli kumi za mtu kujithamini, tano zikiwa za kukubali na tano za kukanusha. Kipimo hiki kina matatizo mawili katika Kiswahili.

Tatizo la kwanza ni la ukanushi. Mwanafunzi anayetaka kusema kwamba ana mambo ya kujivunia hutakiwa aandike "sikubali" mbele ya kauli inayosema kwamba hana. Kauli hiyo ikisomwa kwa sauti mambo huzidi kuharibika, kwa maana katika Kiswahili "ndiyo" hukubaliana na kauli kama ilivyo. Ukimwuliza mtu "Hukuja?" naye akajibu "Ndiyo", amekwambia kwamba hakuja. Mtafiti aliyezoea Kiingereza huweza kuandika kinyume chake.

Tatizo la pili lina kina zaidi. Kipimo hiki humtaka mtu ajisifu kwa kiasi, na Kiswahili hufanya jambo hilo kwa kiambishi -ji-. Lakini tazama vitenzi vyenyewe: kujiona, kujidai, kujigamba, kujitapa, kujikweza. Vyote ni vya lawama. Kwa upande mwingine kuna kujizuia, kujinyima, kujitolea, kujistahi, navyo ni vya sifa. Yaonekana kwamba -ji- ikikaa na kitenzi cha kuinua au kutazama, jamii hukunja uso. Ikikaa na kitenzi cha kutoa au cha kujitawala, jamii hufurahi. Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanafunzi wa shule ya upili aliyelelewa na methali hiyo, akipata alama za chini katika kipimo cha Rosenberg, je, ni kwamba hajithamini, au kwamba ana adabu? Tasnifu itasema la kwanza, na itapendekeza kwamba shule yake iongezewe washauri. Hatusemi kwamba jibu lazima liwe la pili. Twasema kwamba tasnifu isiyoonyesha maneno yaliyoulizwa haimpi msomaji njia ya kujua.

4.4 Swali la tisa

Swali la mwisho la PHQ-9 huuliza juu ya fikira za kufa au za kujidhuru. Katika Kiswahili twaweza kusema kujiua, kujitoa uhai, au kujidhuru, na kila neno lina uzito wake mbele ya mtu mzima anayeulizwa na kijana. Tena yafaa ikumbukwe kwamba chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai mpaka Mahakama Kuu ilipoamua, Januari 2025, kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Anayezilinganisha takwimu za kabla na baada ya uamuzi huo atahitaji kujua neno gani lilitumika. Kama tasnifu haina nakala ya hojaji ya Kiswahili, ulinganishi huo hauwezekani.

5. Mambo ambayo hesabu haiyaoni

Watetezi wa utaratibu wa sasa hujibu kwamba hojaji hupimwa uthabiti wake. Hutaja alfa ya Cronbach, kanuni ya mwaka 1951, na kusema kwamba kipimo kilichopata 0.70 au zaidi kinafaa. Jibu hili halitoshi. Alfa huonyesha kama majibu ya mtu mmoja katika maswali mbalimbali yanakwenda pamoja. Ikiwa maswali yote tisa yana kosa lile lile la "nusu ya siku", majibu yatakwenda pamoja vizuri sana, yote yakiwa yamepotoka upande mmoja. Mizani iliyopinda hupima kila gunia kwa namna ile ile. Uthabiti wake hauwi uadilifu.

Wengine hutaja utafiti uliotangulia. Ni kweli kwamba mwaka 2009 Patrick Monahan na wenzake walichapisha uchunguzi wa kipimo cha PHQ-9 miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya, katika mpango wa AMPATH, nao waliona kwamba kinafaa kutumika. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kilichopimwa ni maneno fulani kwa watu fulani. Mwanafunzi anayeunda tafsiri yake mwenyewe kwa ajili ya walimu wa shule za msingi hawezi kuazima uhalali wa tafsiri nyingine, kama vile mtu asivyoweza kuendesha gari kwa leseni ya ndugu yake.

Inafaa kulinganisha uangalifu wa aina mbili. Katika kikao cha utetezi mwanafunzi huulizwa kwa nini sampuli yake ina watu 300 wala si 384, ile namba ya juu katika jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo wanafunzi wetu wanalijua kwa moyo. Je, huulizwa kwa nini aliandika "huzuni" wala si "majonzi"? Jedwali hilo na onyo la Brislin vilichapishwa mwaka mmoja. La kwanza limekuwa sheria, la pili limekuwa pambo.

6. Sauti ya mhojiwa katika Sura ya Nne

Hadi hapa tumezungumzia hojaji. Tatizo ni zito zaidi katika tasnifu zinazotumia mahojiano. Katika Sura ya Nne msomaji hukuta maneno ya wahojiwa yamewekwa ndani ya alama za mtajo, yote kwa Kiingereza safi. Alama za mtajo ni ahadi kwamba mtu alisema hivi. Lakini mhojiwa hakusema hivyo. Alisema jambo jingine kwa lugha nyingine, na mtafiti ndiye aliyesema hivyo.

Chukua usemi wa kawaida wa Kenya, "nina mawazo". Msemaji hamaanishi kwamba anafikiri. Anamaanisha kwamba kuna jambo limemkalia moyoni, halimwachi alale. Mtafiti mmoja ataufasiri usemi huo kuwa ni fikira, na dalili itapotea. Mwingine ataufasiri moja kwa moja kuwa ni ugonjwa wa huzuni, na dalili itakuwa imetunukiwa jina la daktari kabla ya kuchunguzwa. Bila maneno ya asili, mtahini hawezi kuamua kati yao. Ndivyo ilivyo pia kwa "moyo mzito", "roho kuchoka" na "kichwa kujaa". Semi hizi ni elimu ya nafsi iliyokusanywa na jamii, na mwanafunzi wa saikolojia angalipaswa kuzichunguza kama mwanabotania achunguzavyo mimea, si kuzing'oa na kutupa ili shamba lionekane safi.

Kwamba jambo hili lawezekana, majirani zetu wameonyesha. Nchini Zimbabwe, katika miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake walianza na usemi wa Kishona "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, wakatunga hojaji ya dalili kutoka katika lugha ya wagonjwa wenyewe. Usemi huo baadaye ukawa mlango wa huduma: mpango wa mabenchi ya urafiki ulioanzishwa na Dixon Chibanda mwaka 2006, ambamo akina nyanya huwasikiliza wagonjwa nje ya zahanati. "Kufungisisa" na "mawazo" yetu ni jamaa wa karibu. Tofauti ni kwamba Kishona kilipewa nafasi ya kuwa ushahidi.

7. Hoja za kupinga

Tusiwe kama wasiojua taabu za mwanafunzi. Muda wa uzamili ni mfupi, fedha ni chache, na msimamizi ana wanafunzi wengi. Wako watakaosema kwamba kumwongezea mwanafunzi mzigo wa lugha ni kumchelewesha zaidi. Twajibu kwamba kupima tafsiri kwa watu kumi kabla ya kwenda uwandani, kwa kumwomba kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa, ni kazi ya siku mbili. Kukusanya majibu mia tatu ya swali lisiloeleweka ni kazi ya miezi, na haina faida.

Wengine watasema kwamba mtahini wa nje huenda hajui Kiswahili. Hiyo ni hoja ya kuongeza mtahini, wala si ya kuondoa ushahidi. Wengine tena watasema kwamba lugha yetu haina istilahi za kutosha. Mifano yetu yote imeonyesha kinyume: hakuna hata mmoja ulioharibika kwa upungufu wa istilahi. Iliharibika kwa kutosikiliza upatanisho, ukanushi na viambishi, mambo yanayofundishwa katika darasa la kwanza la isimu.

Chanzo cha yote, kwa maoni yetu, ni kwamba umbo la tasnifu tumelirithi kutoka nchi ambako lugha ya swali, ya jibu na ya taarifa ni moja. Mwandishi wa makala haya alisomea uzamili ng'ambo, na huko hakuna aliyeona haja ya kuandika sura juu ya tafsiri, kwa sababu hapakuwa na tafsiri. Tuliporudi na umbo hilo tulirudi na kimya chake pia.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tasnifu ya saikolojia inayofanywa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza ina sura moja iliyofichika, na kwamba sura hiyo haina msimamizi. Kwa kumalizia twapendekeza mambo matano. Mfasiri atajwe, na ujuzi wake uelezwe. Hojaji ya Kiswahili iwekwe yote katika kiambatisho, pamoja na maelezo ya maneno yaliyoleta shida na sababu za kuyachagua. Maneno ya wahojiwa yaandikwe kwanza kama yalivyosemwa, kisha yafuatwe na tafsiri. Muhtasari wa Kiswahili uwe sehemu ya tasnifu, ili mwalimu mkuu au muuguzi aliyetoa ruhusa ya utafiti aweze kusoma kilichopatikana. Na tangu hatua ya pendekezo, msomaji mmoja atoke katika idara ya Kiswahili.

Pendekezo hili la mwisho latuhusu sisi. Idara zetu huletewa hojaji siku za mwisho ili zipigwe mhuri, kana kwamba sisi ni makarani wa tahajia. Yafaa tukatae mhuri wa namna hiyo na badala yake tudai kiti katika kikao. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kanuni za uzamili hazihitaji kungoja sheria nyingine. Mgonjwa aliyepata 9 badala ya 18 hatajua kamwe kwamba alirudishwa nyumbani na kihusishi. Wanaoweza kujua ni wanaosoma jarida hili, na kazi ya kumweleza msimamizi wa saikolojia, kabla mwanafunzi wake hajaenda uwandani, ni yao.